Sijda Katika Uwanja wa Farasi

Ijumaa ya tarehe 24 Julai 2020 niliweka paji la uso wangu juu ya mawe ya uwanja wa Sultan Ahmed, mjini Istanbul, nikalia. Nilikuwa nimetoka chumbani kwangu mtaa wa Aksaray mapema asubuhi, kwa miguu, kwa kuwa nilijua jua likishapanda hapatakuwa na pa kupita. Ulikuwa mwaka wa korona. Tulipimwa joto, tukagawiwa barakoa na miswala, tukakaa juani saa nyingi kuingoja sala ya Ijumaa ya kwanza katika Ayasofya baada ya miaka 86. Ndani waliingia walioalikwa. Sisi wengine tulijipanga nje, safu nyuma ya safu, na serikali ikatangaza baadaye kwamba tulikuwa watu 350,000. Kabla ya sala, sauti ya Rais Recep Tayyip Erdoğan ilisikika kwenye vipaza sauti akisoma Qurani. Kisha Ali Erbaş, wakati huo mkuu wa Diyanet, idara ya serikali inayosimamia mambo ya dini, akapanda mimbari ameshika upanga.

Machozi yangu yalikuwa ya kweli. Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, nikasoma Juzuu Amma nikiwa nimekaa kwenye jamvi, na kuba ya Ayasofya niliijua kwa picha ya kalenda ya zamani ambayo bibi yangu hakukubali iondolewe ukutani hata mwaka wake ulipopita. Siku ile niliinamisha kichwa mbele yake. Sijajuta kulia, na katika makala hii sitaandika neno la kuidharau sala ile.

Jioni nilipiga simu nyumbani. Habari ilikuwa imeshafika Barabara ya 12 kabla yangu, kwa simu za kina mama wa darsa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeswali humo?"

"Nje, uwanjani. Lakini nimeswali."

Akaniombea dua ndefu. Alipomaliza akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Na unga wa ngano huko, kilo bei gani?"

Mama yangu huuza maandazi. Miaka yote ninayomkumbuka ameamka saa kumi za usiku kukanda unga. Akitaka kujua hali ya mji wowote, Korogwe au Makka, huuliza bei ya unga na ya mafuta ya kula, na kutoka hapo hujua mengi kuliko sisi tunaosoma magazeti. Siku ile swali lake liliniudhi. Niliona amelichafua jambo kubwa kwa jambo dogo. Nilimjibu kwamba sijui, na ni kweli sikujua. Imenichukua miaka kuelewa kwamba yeye peke yake, kati ya watu wote niliozungumza nao wiki ile, ndiye aliyeuliza swali la dini.

Ayasofya ilijengwa iwe kanisa, ikafunguliwa na mfalme Justinian tarehe 27 Desemba 537. Sultan Mehmed wa Pili alipouteka mji mwaka 1453 aliigeuza kuwa msikiti. Mwaka 1934 baraza la mawaziri chini ya Atatürk liliamua iwe makumbusho. Tarehe 10 Julai 2020 mahakama ya juu ya utawala ya Uturuki ilitengua uamuzi huo, na siku hiyohiyo Rais akatia saini ikabidhiwe Diyanet. Wiki mbili baadaye tulikuwa tumesujudu.

Lakini tarehe hizo zina majirani zake. Nilipofika Istanbul Septemba 2018 kuanza shahada ya uzamili, sarafu ya lira ilikuwa imetoka kuanguka vibaya mwezi uliotangulia. Dola moja ilikuwa lira sita na ushee. Machi 2019 ulikuja uchaguzi wa serikali za mitaa. Katika mkutano mmoja wa kampeni watu walipaza sauti wakitaka Ayasofya ifunguliwe, na Erdoğan akawajibu kwamba kwanza waujaze msikiti wa Sultan Ahmed ulio jirani, na wajihadhari na mtego. Hazikupita wiki mbili akasema kwenye televisheni kwamba baada ya uchaguzi jengo lile linaweza kurudishiwa jina la msikiti. Kati ya kauli hizo mbili hakuna aya iliyoshuka, wala hati mpya iliyofukuliwa. Kura zilikuwa zimekaribia, na bei sokoni zilikuwa zimepanda. Tarehe 31 Machi chama chake kilipoteza Ankara na Istanbul. Matokeo ya Istanbul yakafutwa, uchaguzi ukarudiwa tarehe 23 Juni, na safari hii Ekrem İmamoğlu wa upinzani akashinda kwa tofauti ya kura zipatazo 800,000. Erdoğan, aliyepata umaarufu akiwa meya wa Istanbul, alikuwa ameupoteza mji wake mara mbili ndani ya miezi mitatu. Mwaka uliofuata Ayasofya ilifunguliwa. Novemba 2020, lira ikiwa imepita nane kwa dola, waziri wa fedha, ambaye ni mkwe wa Rais, alijiuzulu.

Sidai kwamba nimeingia moyoni mwa mtu. Nia anaijua Mwenyezi Mungu. Ila mtawala hupimwa kwa anayoyafanya na wakati anaoyafanya, na wakati ule ninausoma hivi: watu walikuwa wanauliza habari za mishahara yao, wakapewa kuba ya kutazama.

Jambo hili lingekuwa jepesi kama madai ya Waislamu wa Uturuki kwamba walidhulumiwa yangekuwa ya uongo. Hayakuwa ya uongo. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1950 adhana nchini Uturuki ilitolewa kwa Kituruki, na mwenye kuiadhini kwa Kiarabu aliweza kukamatwa. Miaka mingi mabinti wenye hijabu walizuiwa kwenye milango ya vyuo vikuu. Mwenye nyumba wangu, mzee kutoka Konya mwenye huruma nyingi, aliniambia kwamba dada yake mkubwa alirudi nyumbani kutoka chuoni mwaka wake wa pili na hakusoma tena, kwa sababu ya kitambaa cha kichwani. Alipolisema hilo mkono wake ulitetemeka. Kwa mtu kama yeye Ayasofya ilikuwa fidia, neno la kumwambia kwamba na yeye ni mwenye nchi. Ndiyo maana ilifaa sana kwa kazi iliyotakiwa. Mwanasiasa anayetaka kuwatuliza watu hatafuti uongo. Hutafuta kidonda cha kweli, akakifunga kitambaa safi mbele ya kamera, na mgonjwa akamshukuru mpaka akasahau kwamba ana njaa.

Nilianza kuelewa kwenye foleni ya mkate.

Istanbul kuna vibanda vya Halk Ekmek, maana yake mkate wa wananchi. Ni mkate wa kiwanda cha manispaa, na majira yale ya baridi, mwisho wa mwaka 2021, uliuzwa karibu nusu ya bei ya dukani. Foleni zilikuwa ndefu. Nilikuwa nasimama asubuhi, mikono nimeificha kwapani kwa baridi, nyuma ya wazee wenye makoti yaliyowahi kuwa mazuri. Hao hawakuwa ombaomba. Walikuwa walimu wastaafu, makarani, mafundi waliofanya kazi miaka thelathini, na sasa wanangoja mkate wa bei nafuu huku wakitazama chini ili wasionane na majirani.

Asubuhi moja mama mmoja mtu mzima, amevaa koti refu na mtandio uliofungwa vizuri, alianza kulalamika. Mafuta ya alizeti yamepanda, kodi ya nyumba imepanda, pensheni ya marehemu mumewe imebaki palepale. Mzee aliyekuwa mbele yake akageuka akamwambia kwa upole kabisa: "Dada, tusikufuru. Macho yetu yameiona Ayasofya ikifunguliwa. Wazee wetu walikufa wakiitamani siku ile. Tutake nini tena?"

Foleni nzima ilinyamaza. Yule mama alifungua mdomo, akaufumba, akarekebisha mtandio wake kama aliyefumaniwa. Ilipofika zamu yake alichukua mikate miwili akaondoka haraka.

Mzee yule hakuwa mtu mbaya, alisema alichokiamini. Lakini pale ndipo nilipoona ubaya wenyewe ulipo. Fedha zikipotea huweza kurudi, serikali ikibadilika au bei ya mafuta duniani ikishuka. Yule mama alikuwa amepokonywa kitu ambacho Uislamu wenyewe ulimpa: haki ya kumwambia mtawala kwamba ana njaa, bila imani yake kutiliwa shaka. Malalamiko ya mkate yalikuwa yamegeuzwa utovu wa shukrani kwa Mungu. Aliyeuliza bei aliitwa mwenye imani haba. Na yote hayo bila askari hata mmoja. Ilitosha kulitaja jina la msikiti.

Tarehe 19 Desemba mwaka huohuo wa 2021 Rais alilieleza suala la riba za benki kwa lugha ya dini. Alisema yeye, akiwa Mwislamu, atafanya inavyotaka nasi, yaani andiko, na hivyo asitarajiwe kupandisha riba. Tangu Septemba benki kuu ilikuwa imeishusha kutoka asilimia 19 hadi 14, huku bei zikipanda. Kesho yake, tarehe 20, dola moja ilifika lira 18 na zaidi, kabla ya serikali kutangaza usiku ule mpango wa kulinda amana na lira kupata nafuu. Mwanzoni mwa mwaka 2018 lira 1,000 zilikununulia kama dola 265. Mchana ule zilinunua chini ya 60. Oktoba 2022 mfumuko wa bei, kwa takwimu za serikali yenyewe, ulipita asilimia 85.

Hapa naomba msomaji Mwislamu anivumilie, kwa kuwa suala la riba ni zito na halichezewi. Kama andiko linakataza riba, linakataza asilimia moja kama linavyokataza ishirini. Hakuna fiqhi niliyowahi kuisoma inayosema asilimia 14 ni utiifu na 19 ni maasi. Na baada ya uchaguzi wa Mei 2023 riba ile ilipandishwa kutoka asilimia 8.5 hadi ikafika 50 Machi 2024, na andiko halikutajwa tena. Kama lilikuwa amri ya Mungu Desemba 2021, liliondolewa na nani Juni 2023? Sheikh wangu wa Tanga, niliyemuuliza swali hili baada ya kurudi, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba kulitumia neno la Mungu kama mwavuli, ukalifungua mvua ikinyesha na kulikunja ikikatika, ni jambo ambalo yeye angeliogopa kuliko riba yenyewe.

Tasnifu yangu ilihusu biashara ya Bahari ya Hindi, wala haikuwa na haja ya Justinian. Nilimsoma kwa sababu ya baridi: maktaba ilikuwa na joto na chumba changu hakikuwa nalo. Ndivyo nilivyokutana na mwaka 532.

Mwaka ule watu wa Konstantinopoli, ndiyo Istanbul ya leo, waliasi. Kodi zilikuwa zimewalemea, na waliyemchukia zaidi alikuwa Yohane wa Kapadokia, waziri aliyezikusanya. Uasi ulianzia kwenye uwanja wa mashindano ya magari ya farasi, ambako pande mbili za mashabiki, Bluu na Kijani, zilizozoea kupigana zenyewe kwa zenyewe, ziliungana zikipiga ukelele wa "Nika", yaani shinda. Walidai waziri aondolewe, mji ukawaka moto kwa siku kadhaa, na kanisa lililokuwapo pale kabla ya Ayasofya ya leo likateketea. Mfalme alikaribia kukimbia. Mwishowe majeshi yake yaliwafungia watu ndani ya uwanja ule na kuwaua. Prokopio, aliyeandika historia ya zama zile, anataja zaidi ya watu 30,000. Haikupita miezi miwili, Justinian akaanza kujenga kanisa jipya, kubwa kuliko yote yaliyowahi kuonekana. Akalimaliza kwa chini ya miaka sita. Kuba ya leo ya jengo hilo, yenye upana wa mita 31 hivi, ndiyo niliyoiona kwenye kalenda ya bibi yangu.

Uwanja ule wa farasi ndio uwanja wa Sultan Ahmed. Waturuki bado wanauita At Meydanı, uwanja wa farasi, na nguzo ya jiwe iliyoletwa kutoka Misri, iliyokuwa katikati ya njia ya magari, imesimama palepale. Ardhi imeinuka mita kadhaa tangu wakati ule, kwa hiyo mawe ya kale yako chini. Mimi siku ile ya Julai niliswali hatua chache kutoka kwenye nguzo hiyo. Nililiweka paji la uso wangu juu ya watu waliouawa kwa kuulalamikia mzigo wa kodi, nikiikabili kibla, na kushoto kwangu lilisimama jengo lililojengwa juu ya malalamiko yao.

Nilikifunga kitabu nikatoka nje. Theluji ilikuwa inaanguka. Nilitembea mpaka uwanjani nikasimama karibu na nguzo ile, nikawasomea Fatiha wale waliokufa, ingawa walikuwa Wakristo na waliishi kabla ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Najua wako watakaoniambia kwamba haifai. Moyo wangu haukuweza kupita tu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naamini linawahusu Waislamu, Wakristo, na kila anayejenga nyumba ya ibada: je, ibada inaharibika ikitumiwa? Sala yangu ya Julai 2020, ambayo ilikuwa ya dhati kwangu na faida kwa mwingine, ni sala?

Naamini ni sala. Amali hulipwa kwa nia, na nia yangu haikuwa ya Rais. Wale 350,000 hawakufanya kosa lolote kwa kusujudu, na anayewacheka hajui walichokipoteza na kukipata. Lakini jawabu hilo linaniondolea mimi lawama tu. Halimwondolei aliyetupanga safu. Historia yetu wenyewe imetuonya kwamba hata msikiti waweza kujengwa kwa lengo baya. Mwaka wa 9 wa Hijra, Mtume aliporejea kutoka Tabuk, aliamuru ubomolewe msikiti uliojengwa karibu na Quba ili kuwagawa waumini, na Qurani ikaueleza waziwazi katika sura ya Tawba. Sisemi kwamba Ayasofya ni msikiti wa namna hiyo. Hakuna aliyenipa mamlaka ya kusema hivyo, wala siamini hivyo. Nasema kwamba dini yetu haikutufundisha kuacha kuuliza kwa sababu tu kinachozungumzwa ni msikiti. Ilitufundisha kuuliza zaidi.

Wala haikutufundisha kwamba kila jengo tuwezalo kulichukua tulichukue. Inasimuliwa kwamba khalifa Umar bin al-Khattab alipoingia Jerusalem, wakati wa sala ulimkuta ndani ya kanisa la Ufufuo, na Patriaki Sofronio akamkaribisha aswali humo. Umar akatoka akaswali nje, akihofu kwamba Waislamu wa baadaye wangelichukua kanisa kwa hoja kwamba yeye aliswali ndani. Wakristo wa Kiorthodoksi waliohuzunika Julai 2020 walikuwa na huzuni ya haki, na Papa Fransisko aliposema ameumia alisema kama jirani. Niliyajua haya siku ile, nikayasukuma pembeni. Katika mengi ya siku ile, hili ndilo ninalomwomba Mungu anisamehe.

Kuna Umar mwingine ninayemkumbuka zaidi, Umar bin Abdulaziz, aliyetawala chini ya miaka mitatu, kuanzia 717 hadi 720. Imepokewa kwamba walinzi wa Kaaba walimwandikia wakiomba aivishe Kaaba kitambaa kama walivyofanya makhalifa waliomtangulia. Aliwajibu kwamba ameona fedha hizo aziweke kwenye matumbo yenye njaa, kwa kuwa hayo yana haki zaidi. Kaaba! Siyo jengo lililogombaniwa baina ya dini mbili. Nyumba ambayo Waislamu wote huielekea mara tano kwa siku. Na khalifa mchamungu alithubutu kuitaja pamoja na njaa katika sentensi moja, akaitanguliza njaa. Mama yangu hajawahi kuisoma habari hiyo. Swali lake la unga lilitoka chemchemi hiyohiyo.

Tena, mahakama ya mwaka 2020 iliegemea hoja ya wakfu: kwamba Sultan Mehmed aliiweka Ayasofya wakfu iwe msikiti, na wakfu hauvunjwi. Hoja hiyo ninaiheshimu. Basi na tuusome wakfu wote. Sultan yuleyule alijenga Bedesten, ambayo ndiyo moyo wa soko kuu la Istanbul mpaka leo, na kodi ya maduka yake akaielekeza Ayasofya. Kwenye msikiti aliojijengea mwenyewe, Fatih, aliweka vyuo, hospitali, na jiko lililowalisha wanafunzi, wasafiri na maskini. Ndiyo maana ya wakfu. Soko liko chini ya msikiti na jiko liko mlangoni. Anayetoka kuswali hapiti penye njaa bila kuiona. Mtu anayefufua wakfu akachukua kuba na kuliacha jiko, amefufua nusu iliyo rahisi.

Msomaji ataniuliza kama hila hizi hufua dafu. Mara nyingine hufua. Mei 2023, miezi mitatu baada ya tetemeko lililoua zaidi ya watu 50,000 nchini Uturuki, na bei zikiwa juu, Erdoğan alifunga kampeni yake kwa sala ya magharibi ndani ya Ayasofya, jioni ya kuamkia kura. Katika duru ya pili alishinda kwa asilimia 52. Wengi waliompigia kura walikuwa na sababu nyingine, na ni kiburi kudhani kwamba mtu maskini anayempigia kura kiongozi usiyempenda wewe amelogwa. Nilikuwa nimesharudi Tanga wakati huo. Nilimpigia mwenye nyumba wangu wa zamani, akaniambia amempa kura yake kwa mara ya mwisho, kwa ajili ya dada yake.

Kisha ikaja tarehe 31 Machi 2024, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Juu ya kilima cha Çamlıca, katika wilaya ya Üsküdar, umesimama msikiti mkubwa kuliko yote Uturuki, unaochukua watu zaidi ya 60,000, uliofunguliwa rasmi mwaka 2019. Rais mwenyewe ana nyumba Üsküdar. Ng'ambo, kwenye Pembe ya Dhahabu, iko Eyüpsultan, penye kaburi la Abu Ayyub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina. Ukitafuta mahali pa uchamungu Istanbul, utaanzia hapo pawili. Pensheni ya chini siku hizo ilikuwa lira 10,000 kwa mwezi, na kodi ya nyumba ya kawaida iliweza kuimaliza yote. Üsküdar na Eyüpsultan zote zilichagua mameya wa upinzani. Watu hawakuacha kuswali. Waliitenganisha sala na kura, na nadhani wengi wao waliswali kabla ya kwenda kupiga.

Nawaza habari hizi nikiwa nyumbani, ambako pia najua desturi ya msimu wa uchaguzi: mazulia na feni misikitini, mifuko ya saruji na mabati makanisani. Msikiti wetu wa mtaa una zulia zuri la kijani lililoletwa hivyo, nasi husujudu juu yake kila siku. Mama bado anaamka saa kumi. Andazi lake limekuwa dogo, na anaona haya kuwaambia wateja kwamba halikupungua kwa uchoyo.

Kwa hiyo nawaomba masheikh, mapadri na wachungaji wetu jambo moja tu. Mgombea akija kuswali, msogezeeni nafasi kwenye safu kama mja mwingine yeyote. Kipaza sauti msimpe. Akitaka kuzungumza, azungumze nje, tunapovaa viatu, na wa kwanza kumuuliza swali awe mama muuza maandazi.